Mama Barn na Chombo cha Kiswidi

“Ile haiko jina ya mutu,” sauti ya Denise ilisema kutoka kwenye simu. “Barn, ku Kiswidi, ni mutoto.”

Hapo ndipo tulipoachana juma lililopita, na najua mmenilaumu. Kuna aliyeniandikia kwamba nimemharibia Jumapili yake. Basi leo hakuna kuzungushana. Tunaingia moja kwa moja saluni kwa Murielle, pale Joubert Park, Johannesburg, ambako Hyasinta amekaa kwenye kiti cha wateja, mkoba wake kaukumbatia kifuani, na mashine ya kukaushia nywele inanguruma kwenye kichwa cha mtu mwingine.

Murielle alirudisha ujumbe nyuma, akaubonyeza tena. Denise ni mdogo wake, amehamia Uswidi miaka mingi, watoto wake wanasoma kule, na Kiswidi sasa anakizungumza hata akiota. Akasema vilevile alivyosema mwanzo. Till vårt barn. Kwa mtoto wetu.

“Zima,” Hyasinta akasema.

“Maman, labda Denise hakuona picha muzuri.”

“Zima, Murielle.”

Murielle akazima.

Kama leo ndiyo mara yako ya kwanza kulishika gazeti hili, nitakupa habari upesi, wengine mnivumilie. Hyasinta ni mtu wa Morogoro. Mumewe, Barnabas, ni mtu wa huku huku Afrika Kusini, mmoja wa wale wapigania uhuru waliokaa kambi ya Mazimbu, pale Morogoro, miaka ya uhamishoni. Alimpenda binti wa watu, akamwoa, na mambo yalipobadilika akarudi naye Johannesburg. Wanaishi Kensington, nyumba ya zamani yenye sakafu ya mbao, na sebuleni kwao hakuna picha ya harusi wala televisheni kubwa. Kuna rafu za vioo.

Si bilauri za maji hizo. Ni vyombo vya Uswidi, vya viwanda vya Orrefors na Kosta, vizito hata mkono unachoka, vimepulizwa kwa mdomo wa mtu, ndani yake mapovu ya hewa na nyuzi za rangi zimekamatwa hazitoki tena. Kila kimoja kimechorwa sahihi kwa sindano kwenye kitako. Mume na mke wamevikusanya zaidi ya miaka ishirini, kwenye maduka ya mitumba ya barabarani kwao, kwenye minada ya makanisa, kwa vikongwe wanaohama nyumba. Hyasinta anaweza kugonga ukingo kwa ukucha akakuambia hiki cha kweli na hiki wamekuuzia bure.

Cha kwanza kabisa ni kile cha buluu, kilichokuja nao kutoka Mazimbu kikiwa kimeviringishwa ndani ya blanketi. Chini yake pamechorwa TILL VÅRT BARN. Barnabas alimwambia maana yake ni “Kwa Barn wetu,” eti zawadi ya walimu wa Kiswidi waliokuwa wakifundisha kambini. Na kweli wenzake walimwita Barn. Nani angebisha?

Sasa Barnabas ana kiharusi. Kimemchukua upande wa kulia na kimemchukua ulimi. Muuguzi anayekuja kumwangalia nyumbani amemwambia Hyasinta awaite watu wake. Ndiyo maana alipiga picha kitako cha chombo akamtumia Denise: alitaka walimu wale watafutwe, waambiwe kwamba Barn wao anaondoka. Alikuwa na nia njema tu, maskini.

“Miaka yote hii,” Hyasinta alisema. “Murielle, unajua aliniambia nini? Tulipokosa mtoto, alisimama mbele ya mama yangu na kaka zangu, akasema tatizo ni lake yeye. Mwanamume, mbele ya watu. Kaka yangu akasema rudi nyumbani uolewe na mwingine, ungali kijana. Nikakataa. Nikasema siwezi kumwacha mtu na aibu yake.”

“Kumbe yeye iko na mutoto.”

“Kumbe.”

“Na Muzungu.”

Murielle akavuta kiti akakaa karibu, magoti yakagusana. Ni rafiki wa kweli huyu, na hata yeye ameambukizwa ugonjwa wa vioo. Ana viwili pale juu ya kioo cha saluni, Hyasinta ndiye aliyemfundisha kuvichagua. Lakini rafiki wa kweli naye ana mdomo.

“Pardon, Maman, nikuulize. Wewe haukuzaa ata mara moja?”

“Sikuzaa.”

Alilijibu swali upesi, kama mtu anayefunga mlango kwa kisigino. Murielle akaliacha.

“Sasa utafanya nini, Mama Barn?”

Ndiyo, Mama Barn. Ndivyo wanavyomwita wote, kuanzia Mazimbu mpaka Kensington. Mwanamke wa kwetu huitwa kwa jina la mwanawe. Hyasinta hakuwa na wa kuitiwa, basi akaitwa kwa jina la mumewe. Wengine wenu hapo mmeshanusa kitu. Nyamazeni, msimharibie mwenzenu anayesoma polepole.

“Nitamuuliza,” Hyasinta akasema.

“Atakujibu na nini? Mutu hana sauti.”

“Ana macho. Nitamuuliza mtoto ni wa nani, na nitamwangalia machoni kabla hajaenda. Hilo tu. Akienda bila kuniambia, Murielle, mimi nitakuwa nimeishi na nani?”

Akaondoka na nywele nusu zimesukwa, nusu bado. Murielle akabaki mlangoni na kichana mkononi.

Njiani alifikiri jambo moja tu. Kila Jumamosi walipoingia dukani, Barnabas hakuangalia rangi wala umbo. Alishika chombo, akakipindua, akasoma kitako kwa ncha ya kidole. Hyasinta aliona ni ujuzi. Akawa anamsifu kwa watu: mume wangu anasoma kioo kama kipofu anavyosoma kitabu chake. Sasa akajiuliza alikuwa akitafuta nini kule chini.

Kisha likaja jibu, na lilikuwa baya. Hakuwa akitafuta chochote. Mtu mwenye chombo kimoja cha Kiswidi nyumbani ataulizwa kimetoka wapi, nani alikupa, kwa nini. Mwenye vyombo rafu nne haulizwi, anaitwa mpenzi wa vioo. Barnabas alikusanya vyote vile ili kile kimoja kisionekane. Na yeye Hyasinta ndiye aliyemsaidia kukificha, kwa miguu yake, kwa macho yake, Jumamosi baada ya Jumamosi.

Nyumbani alimkuta Valeria jikoni, anakoroga uji wa mgonjwa.

Valeria ni mtu wa Morogoro pia, naye aliolewa na mpigania uhuru, ni mjane sasa, anakaa mtaa wa tatu kutoka pale. Alikuwa nesi maisha yake yote. Hyasinta akitoka, yeye ndiye anayekaa na Barnabas, maana anajua kumgeuza bila kumuumiza.

“Mbona nywele hivyo?” Valeria akauliza.

Hyasinta akampita. Akaenda sebuleni, akakishika chombo cha buluu kwa mikono miwili, akaingia nacho chumbani na kusukuma mlango kwa mguu.

Barnabas alikuwa macho. Alipomwona, upande mmoja wa uso wake ulijaribu kutabasamu.

“Barn.”

Akapepesa macho.

“Nimeambiwa leo maana yake. Kuna binti yuko Uswidi kanisomea.” Akakipindua, akakileta karibu na uso wake, kitako mbele. “Kwa mtoto wetu. Wetu wewe na nani?”

Lile tabasamu la nusu likaondoka. Akamtazama mkewe, akatazama maandishi, akamtazama tena mkewe, na koo lake likaanza kuhangaika.

“Ba,” akasema. “Ba. Ba.”

“Ndiyo, barn. Mtoto. Hilo nimeshalijua, husemi jipya. Nakuuliza mama yake nani?”

“Ba.”

“Yule mwalimu Gunilla? Aliyekuwa akija na kahawa nyumbani kwangu, akikaa kwenye mkeka wangu?”

Jicho lake la kushoto likatoa chozi. Msomaji, chozi la mgonjwa wa kiharusi halina maana moja, manesi wote wanalijua hilo. Lakini Hyasinta hakuwa nesi. Alikuwa mke, na aliona mwanamume anakiri.

“Ulisema tatizo ni lako,” akasema. “Nilibeba aibu yako. Nilicheka na dada zako waliponiita mti mkavu kwa lugha yao, wakidhani sisikii. Nilisikia, Barn. Nilinyamaza kwa sababu niliona ninakusitiri. Kumbe ulikuwa unazaa.”

Akakitupa chombo chini.

Nawaambia vile vyombo vizito si mchezo. Kiligonga mbao, kikaruka, kikabingirika mpaka kwenye mguu wa kitanda, kizima. Hata ufa hakikupata. Hyasinta akakitazama pale chini, anahema.

Hapo ndipo ningetaka kumshika mkono. Kama angetoka nje akanawa uso, habari hii ingekwenda kwingine. Barnabas naye alifanya alichoweza. Aliuinua mkono wake wa kushoto, ule mzima, akaunyoosha nje ya shuka kuelekea kile chombo, vidole vimefunguka.

Angeacha mkono ukae, pengine Hyasinta angechoka akalia tu. Lakini aliuona ule mkono, akaona unakwenda kukiokoa kitu cha yule mwanamke.

“Hata sasa,” akasema. “Hata sasa unakitaka.”

Akainama, akakiokota. Chumba kile kina meko ya zamani ya kuotea moto, ukingo wake wa vigae. Akasogea mpaka pale ili asikosee, akakiinua juu ya kichwa, akakishusha kwenye vigae kwa nguvu zake zote.

Mara ya pili hakikuruka.

Barnabas alitoa sauti ambayo Hyasinta hakuwahi kuisikia kwake, hata siku ile ugonjwa ulipomwangusha bafuni. Haikuwa neno. Ilimfanya Valeria aache sufuria motoni akaja mbio.

Alisimama mlangoni. Akaona vipande vya buluu mekoni, akamwona Hyasinta katikati ya chumba na damu kidogo kiganjani, akauona ule mkono bado umenyooshwa hewani. Akaenda kwanza kwenye mkono, akaushusha taratibu, akaufunika. Kisha akakaa kwenye ukingo wa kitanda.

“Umefanya nini, Hyasinta?”

“Muulize yeye na Mzungu wake.”

“Mzungu gani?”

“Gunilla. Alizaa naye. Wameandika wenyewe, kwa mtoto wetu.”

“Gunilla alikuwa bibi wa watu, ana mvi mpaka nyusi,” Valeria akasema. “Alizaa na nani yule?”

“Basi mwingine. Wewe unamjua, naona uso wako. Ulijua siku zote.”

“Nilijua.”

“Ni nani mama yake?”

Valeria alimgeukia Barnabas kwanza, akasema naye kwa upole kama mtu anayeomba ruhusa: “Shemeji, siri yako nimeitunza mpaka leo. Sasa siwezi tena.” Barnabas alikuwa anatazama mekoni, hakumgeukia.

“Ni wewe,” Valeria akasema.

“Usinitanie.”

“Mtoto ni wako. Ulimzaa.”

“Mimi sina mtoto.”

“Ulimzaa Morogoro, na mimi ndiye niliyempokea.”

Hyasinta akatikisa kichwa. Kuna jambo hapa ambalo yeye mwenyewe alikuwa amelifunika miaka mingi, si kwa uongo bali kwa kutii. Alishawahi kubeba mimba, ikafika mwisho, na siku ya kujifungua alishikwa na kifafa cha mimba. Alipozinduka, siku zilikuwa zimepita na tumbo lilikuwa tupu. Mama yake mzazi ndiye aliyemwambia: hakulia. Na wazee wa kwao walikuwa na desturi yao. Mtoto asiyelia hapewi jina, hawekewi matanga, hahesabiwi. Mwanamke hujifunga kanga yake akaendelea. Ukimuuliza ana watoto wangapi, hamtaji.

Basi Hyasinta hakumtaja. Alikatazwa kumlilia akiwa hana hata nguvu za kukaa, akatii, na kutii kule kukawa kusahau. Murielle alipomuuliza kama aliwahi kuzaa, alisema sikuzaa, na hakuwa akidanganya. Ndivyo alivyofundishwa kujibu.

“Yule hakulia,” akasema.

“Alilia.”

“Mama aliniambia hakulia.”

“Mama yako alisema hivyo ili upone. Wewe ulikuwa huna fahamu, tulikuwa tunahesabu kukupoteza na wewe. Alilia, Hyasinta, nilimsikia kwa masikio yangu. Msichana. Aliishi kutoka asubuhi mpaka jua likazama, na muda wote huo alikuwa mikononi mwa huyu.” Akamgusa Barnabas begani. “Tulimwambia ampe mtu mwingine apumzike. Alikataa. Alikuwa akimsemesha kwa lugha yao.”

Hyasinta alikaa chini, pale pale alipokuwa.

“Alipokata roho, wanawake wakakaa shauri. Mama yako akasema akiamka tukamwambia mtoto alilia, ataomboleza, na maombolezo yatammaliza. Tuseme hakulia. Huyu alikuwa kijana, mgeni, hana mzazi wa kumsemea. Akakubali. Daktari aliposema hutazaa tena, akaniambia nisikuambie na hilo pia, atalibeba yeye. Nikaapa.”

“Na chombo?”

“Gunilla alikuwa anaenda likizo kwao. Mumeo akamwomba amletee kitu kizuri cha kuweka maua kaburini, kimechorwa maneno. Kwa Kiswidi, ili usisome. Kilipofika akashindwa kukiacha kule kaburini peke yake. Akakileta ndani kwako, ukakipenda, ukaweka maua.” Valeria akafuta uso kwa upindo wa kanga. “Nilikuona ukiyaweka. Kila nikija kwenu nilikuta maua.”

Valeria akamsikia Hyasinta akilitamka jina lake, si kwa mtu yeyote, kama anayelionja.

“Mama Barn.”

“Ndiyo.”

“Nani alianza kuniita hivyo?”

“Unajua nani alianza.”

Alijua. Siku aliyotoka hospitali, Barnabas alimsaidia kushuka kwenye gari, akasema pole pole, Mama Barn. Watu wakacheka, wakalidaka jina. Hyasinta aliona ni huruma ya mwanamume, kwamba amekosa mtoto basi amempa jina lake mwenyewe la kuitiwa. Kumbe alikuwa akimwita mama wa mtoto, mchana kweupe, mbele ya kila mtu, jikoni, kanisani, dukani kwenye vioo, kwa neno la walimu wa Kiswidi ambalo hakuna mwingine aliyelijua. Na leo amelisema mara tatu kitandani, ba, ba, ba, akijibu swali aliloulizwa.

Alitambaa mpaka kitandani. Akamshika uso.

“Barn, nisamehe. Nimesikia. Nisamehe.”

Barnabas hakuyaondoa macho yake mekoni. Hyasinta akajaribu kuugeuza uso wake kwa mikono, ukageuka, lakini macho yalibaki kule kule. Huenda hakumsamehe. Huenda hakusikia. Mimi ninayeisimulia sina la kuwaambia, na nisingependa kuwadanganya ili mlale vizuri.

“Valeria. Alimpa jina?”

“Alimpa. Alimnong’oneza mtoto mwenyewe pale pale alipokuwa amemshika, si mimi.”

“Jina gani?”

“Sikulisikia. Hakuna aliyelisikia zaidi ya yule mtoto. Kaburi nalo alikwenda peke yake na mzee mmoja wa kambi, na mzee alishakufa.”

Basi hayo ndiyo yaliyobaki, msomaji. Asubuhi Hyasinta alikuwa mwanamke asiye na mtoto. Sasa ni mama aliyefiwa, na jina la mwanawe limo ndani ya mtu mmoja tu, na mtu huyo hana ulimi na muda wake unaisha.

“Mkono wake wa kushoto unasikia,” Valeria akasema. Alisema kwa sauti ya kinesi, sauti ya kufanya kitu. “Ushike. Mwambie ukitaja jina lenyewe abane.”

Hyasinta akaushika kwa kiganja chake chenye damu.

“Barn, nitataja majina. Ukilisikia lake, nibane. Roza?”

Mkono ukabana.

Hyasinta akamgeukia Valeria, na uso wake wote ulikuwa umefunguka kama wa msichana. “Roza,” akasema. “Ni Roza. Amebana.”

Valeria hakutabasamu. “Taja lingine.”

“Kwa nini nitaje lingine?”

“Taja tu.”

“Paulina.”

Mkono ukabana, vilevile, kwa nguvu ile ile.

“Taja la mwanamume.”

“Valeria, usinifanyie hivyo.”

“Taja.”

“Octave.”

Ukabana. Hyasinta alilijua jibu kabla Valeria hajasema, kwamba mkono wa mgonjwa wa namna hii hukamata chochote kilichowekwa ndani yake, kidole au shuka, na haumjibu mtu. Uso wake ukajifunga polepole.

Mtu mwingine angeacha. Yeye angefanya nini tena? Aliendelea. Alitaja majina ya shangazi zake, ya wasichana aliosoma nao, ya watakatifu. Jua lilikuwa limeondoka dirishani, baridi ya Julai inaingia chini ya mlango, uji umeungua jikoni na hakuna aliyekwenda kuuzima. Mkono ukabana, ukabana.

“Alikuwa akimsemesha kwa lugha yao,” Valeria akakumbusha. “Labda jina ni la kwao.”

Hyasinta akataja Lerato. Akataja Palesa. Akataja majina ya majirani na ya binti wa spaza, kile kiduka cha pale kona. Yote yalibanwa sawasawa.

“Kwao mtoto wa kwanza wa kike wanamwita nani?” Valeria akauliza.

“Bibi yake. Mama wa baba.”

“Basi taja la mama yake.”

Hyasinta akasita. Mama yake Barnabas alifariki mwanawe akiwa uhamishoni, hakumzika. Hyasinta hakuwahi kumwona, ila jina alilijua. Hakuwahi kulitamka. Kwao mkwe hatajwi jina, na kwa akina Barnabas ni hivyo hivyo. Siku ya kwanza alipofika, dada zake walimkalisha chini wakamwonya kwamba jina la mama yao halipiti mdomoni mwa makoti, mke aliyeletwa. Ndilo jina pekee la nyumba ile ambalo ulimi wake ulikuwa haujawahi kulijaribu.

Akaweka mdomo karibu kabisa na sikio la mumewe.

“Dikeledi,” akasema. Kwa lugha yao ni machozi.

Mkono haukubana.

Akangoja. Akalisema tena, kwa upole zaidi. Vidole vya Barnabas vilikuwa vimelegea ndani ya vyake, vimefunguka, haviombi kitu.

“Ndilo hilo,” Hyasinta akasema. “Valeria, umeona? Ndilo hilo, amejibu.”

Valeria alikuwa ameshaweka vidole viwili shingoni mwa Barnabas, anatafuta mapigo.